Swali la Arobaini na Saba

Nchi ya Utambare haimo kwenye ramani nyingi, na wenyewe hawalalamiki, kwa kuwa ramani huchorwa na watu wa vyeo vya chini. Ni nchi nzuri. Ina milima upande mmoja, bonde katikati, na pepo za msimu zinazoleta masika kila mwaka bila kuombwa. Zaidi ya yote ina utaratibu, na ni vyema jambo hilo lisemwe mapema, ili msomaji anayetoka katika nchi isiyo na utaratibu asije akashangaa njiani.

Utaratibu wenyewe ni huu: katika Utambare hakuna kitu kinachomtangulia mkubwa wake. Mlangoni, kwenye foleni, kwenye orodha, hata kwenye sinia la wali, mwenye cheo hutangulia na asiye nacho hufuata. Mwaka ule Wizara ya Mawingu na Uratibu iliposhika moto, watumishi mia mbili walijipanga koridoni kwa vyeo vyao, wakamngoja Waziri atoke kwanza. Waziri alikuwa safarini ng'ambo. Ikabidi apigiwe simu, naye kwa huruma aliyojaliwa akakubali wamhesabu kama ametoka. Jengo liliungua lote na wengine hawakuwahi kuufikia mlango, lakini mpaka leo picha ya foleni ile inafundishwa mashuleni, maana hakuna hata mmoja aliyempita mwenzake.

Tabu Mkwizu alikuwa chini kabisa ya utaratibu huo. Alikuwa msomaji wa kipimamvua cha Bonde la Mzuwi, daraja la mwisho, cheo ambacho chini yake kuna kipimamvua chenyewe. Kila siku saa tatu asubuhi aliingia kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa wavu, akainama, akasoma maji yaliyoingia tangu jana yake, akaandika kwenye daftari. Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Daftari likijaa alilipeleka Wizarani, ambako lilipokelewa kwa saini mbili na kuwekwa chini ya mguu wa meza ya chai, kwa sababu sakafu ya pale haikuwa sawa.

Kwa kuwa hakuna aliyeyasoma madaftari hayo, ilibidi nakala zake azisome mwenyewe, na hapo ndipo alipokosa usingizi. Aliona kwamba masika hayakuwa yakiongezeka wala kupungua, ila yalikuwa yakibanwa. Mvua iliyozoea kunyesha siku arobaini sasa ilinyesha siku kumi na tano, mwaka uliofuata kumi na moja, na siku nyingine ikamwaga kwa mchana mmoja maji ya mwezi mzima. Mwaka juzi mto ulifika kizingitini kwa mama yake. Mwaka jana uliingia ndani, ukalowesha godoro na kuondoka na kuku wawili.

Basi Tabu akatunga swali. Lilikuwa moja tu, limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: kukinyesha milimita ngapi milimani, bonde linajaa baada ya saa ngapi?

"Hilo tu?" mama yake alimuuliza. Bi. Siwatu alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchicha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulipooza miaka mitano nyuma, na alikuwa ameufunga shingoni kwa kanga ili usimning'inie.

"Hilo tu, mama. Wakilijibu hilo, tutajua wakati wa kuondoka."

"Na hao wakubwa zako wanajua kwamba maji hutoka juu yakaja chini? Isije ikawa nayo wanataka yapande kwa vyeo."

"Mama nawe."

"Haya, lipeleke. Mimi nipo hapa nangoja jibu. Ila uwaambie wasikawie, maana mimi siwezi mbio."

Tabu alicheka. Lakini mwendo wote wa kwenda mjini maneno hayo hayakumtoka.

*

Kongamano la Kitaifa la Vipaumbele vya Utafiti wa Mabadiliko ya Tabianchi na Hali Mbaya ya Hewa katika Nchi za Pepo za Msimu lilikuwa na jina refu kiasi kwamba bango lake lilishonwa vipande viwili, kimoja kikatundikwa ukumbini na kingine barabarani. Wajumbe walikuwa mia tatu. Kazi yao ilikuwa kuamua Utambare ichunguze nini kwanza, nini kifuate, na nini kisubiri.

Katika nchi nyingine kazi kama hiyo ingeleta ubishi. Watu wangeulizana swali gani litaokoa wengi, au jibu gani linahitajika kabla ya masika. Utambare imekwisha kuvuka ujinga huo. Kule swali huchukua cheo cha aliyeliuliza, na orodha hujipanga yenyewe. Aliyeisimamia alikuwa Bwana Kitengule, Afisa Itifaki Mkuu, mtu mwembamba wa suti ya kijivu, anayetembea na daftari la vyeo vyote vya taifa mfuko wa ndani, upande wa moyo.

Namba moja ilikuwa ya Mheshimiwa Ngwandu Mpalasinge, Waziri wa Mawingu na Uratibu, aliyetaka ichunguzwe athari ya ukungu wa asubuhi kwa mng'ao wa magari ya serikali. Namba mbili ilikuwa ya naibu wake, aliyetaka kujua kama upepo wa msimu unaweza kuombwa uvume bendera zikiwa zimetundikwa. Ziliendelea hivyo kushuka, hadi kwa msimamizi wa bustani ya Wizara, ambaye swali lake la arobaini na sita lilihusu konokono.

"Swali lako limepokelewa, Bi. Tabu," Bwana Kitengule alisema. "Ni la arobaini na saba."

"Katika mangapi?"

"Arobaini na saba."

"Na utafiti wenyewe utashuka mpaka namba ngapi?"

"Utafiti huanza namba moja. La pili haliwezi kuanza kabla la kwanza halijaisha, na la kwanza likiisha huombwa liendelee, kwa heshima."

"Kwa hiyo hili langu…"

"Lipo. Limeandikwa. Kuna maswali ya watu ambayo hata kwenye orodha hayamo."

"Bwana Kitengule, kule bondeni kuna kaya mia tatu."

Bwana Kitengule alitoa daftari lake, akalamba kidole, akafunua. "Zina cheo gani?"

Kaya mia tatu ukizijumlisha zote, hazikuwa na cheo cha kulisogeza swali mbele ya konokono.

Wakati wa chai foleni ilipangwa kama kawaida, na ilipomfikia Tabu palikuwa pamebaki vikombe. Mbele yake, kwa nafasi moja tu, alikuwa Shebuge, dereva wa malori ya Wizara, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kuonja sambusa ya serikali.

"Dada Tabu, swali lako halina ubaya," Shebuge alimwambia. "Lina wewe tu. Mtafutie mkubwa, mpe awe mwenyewe, litapanda naye."

"Nimpe swali langu?"

"Unataka jibu, au unataka jina?"

Tabu alitaka jibu. Mchana uleule akamfuata Waziri kwenye bustani, alipokuwa akipigwa picha kando ya mti.

Mheshimiwa Mpalasinge alimsikiliza kwa subira kubwa, macho yakiwa kwa mpiga picha. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza uwanja, na siku hizo alikuwa na huzuni ya siri: swali lake lilikuwa namba moja, ila ukungu hauzinduliki. Huwezi kuukatia utepe. Ukiujengea jukwaa, jua likichomoza haupo.

"Hili swali lako," alisema mwishowe, "lina kifaa?"

"Lina kipimamvua, Mheshimiwa."

"Kinaonekana kwa mbali?"

"Kikiwekwa juu ya kitu, kinaonekana."

Waziri akashusha pumzi. Jioni hiyo orodha ikatangazwa upya. Swali la arobaini na saba lilikuwa limepanda mpaka la kwanza, na lilikuwa la Waziri. Kwenye nafasi ya arobaini na saba Tabu akapewa swali la ukungu, asije akasema amenyang'anywa.

*

Swali likipata cheo hubadili makazi. Waziri alikuwa akiishi juu ya Kilima cha Uratibu, wanakoishi wakubwa wote, na ilionekana haifai utafiti namba moja ufanyike kwenye tope. Amri ikatoka kwamba kipimamvua kihamishwe kutoka bondeni kipelekwe kilimani, kwa msafara.

Tabu hakukasirika. Alipiga hesabu zake, akaona mvua inayojaza bonde huanza kunyesha hukohuko kilimani na milimani nyuma yake, kwa hiyo kuipimia huko ni afadhali. Tena kulikuwa na jambo la kumfurahisha. Kilimani palikuwa na king'ora kilichonunuliwa zamani na ambacho hakikuwahi kulia hata siku moja, na Waziri, katika furaha ya kuwa mwenye swali, alitia saini kanuni fupi: kipimamvua namba moja kikisoma milimita mia moja, king'ora kilie, na watu wote wa bonde waondoke mara hiyo hiyo. Tabu aliibeba nakala ya kanuni hiyo mwenyewe mpaka kwa mama yake, akamsomea mara mbili.

"Sasa hilo ni jambo," Bi. Siwatu alisema. "Kumbe wakitaka wanaweza."

Siku ya uzinduzi ikapangwa. Siku tatu kabla yake upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka upande ambao Tabu aliujua, na mawingu yakarundikana juu ya milima, meusi na mazito. Tabu alikuwa ameyaona hayo mara mbili tu katika miaka kumi na minne, na mara zote mbili yalikuwa yameandikwa kwa wino mwekundu. Alikwenda kwa Bwana Kitengule akaomba watu wa bonde waondolewe mapema.

"Kwa kanuni ipi? Kifaa hakijazinduliwa. Kabla ya kuzinduliwa hakiwezi kusoma."

Tabu akafikiri. Alikuwa ameijua serikali yake muda mrefu, na alijua mlango gani haufungwi.

"Basi niseme jingine, bwana. Mmeandaa viti vya wakubwa mia mbili. Nani atapiga makofi?"

Uso wa Bwana Kitengule ulibadilika rangi. Hakuwa amelifikiria hilo. Asubuhi ya uzinduzi malori tisa, Shebuge akiongoza, yalishuka bondeni kwenda kuwachukua wananchi wote wa Mzuwi wakampigie makofi Waziri. Tabu aliyatazama yakishuka, yeye akiwa kilimani tangu alfajiri akiking'arisha kipimamvua kwa kitambaa kama alivyoagizwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona fahari kuwa mtumishi wa Utambare.

*

Hema la uzinduzi lilikuwa kubwa na zuri, turubai jeupe lisilopitisha tone. Meza kuu ilikuwa imetandikwa kitambaa cha dhahabu, na katikati yake, kati ya maua na chupa za maji, kilisimama kipimamvua namba moja.

"Bwana Kitengule," Tabu alisema kwa adabu, "kifaa kiko chini ya turubai."

"Kiko meza kuu. Ulitaka kikae wapi, na walinzi?"

Malori yakapanda, watu wakashushwa na kupangwa nje ya hema, kwenye nyasi. Saa tano mvua ikaanza. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagwa. Wakubwa ndani ya hema wakasogeza viti ndani zaidi, na wananchi nje wakalowa mara moja, watu na nguo zao. Tabu alizunguka katikati yao akimtafuta mama yake. Alimwona jirani wa kulia, alimwona jirani wa kushoto. Lori la tisa lilikuwa limekwisha kushusha watu, na mama yake hakuwamo.

Alimkuta Shebuge kwenye usukani, kichwa kimeinama.

"Mama yuko wapi?"

"Dada, nilitaka kumpandisha. Kitengule alimtuma mtu wake wa kukagua pale kwenye lori. Alikuwa anaangalia mikono."

"Mikono ya nini?"

"Ya kupigia makofi. Akasema mwenye mkono mmoja ataharibu makofi ya wenzake. Wamebaki watano kule. Yeye, na mzee mmoja kipofu, na wagonjwa."

Tabu alikwenda hemani. Hakukimbia, kwa sababu mbele ya meza kuu watu hawakimbii, na baadaye hakujisamehe kwa hilo. Mheshimiwa Mpalasinge alikuwa amekwisha kusimama.

"Mvua, ndugu wananchi, ni maji," Waziri alikuwa akisema. "Lakini ni maji ya namna gani? Ni maji yanayotoka juu. Na sisi wa juu tunayajua. Serikali yenu imeamua, kwa ushupavu, kuyatazama maji haya usoni."

Makofi yakasikika nje, ya mikono iliyolowa.

"Bwana Kitengule, piga king'ora," Tabu alimnong'oneza. "Kuna watu wamebaki bondeni."

"Kifaa kinasoma ngapi?"

"Kifaa kiko chini ya hema."

"Sikukuuliza kiko wapi. Wewe ndiye msomaji uliyekula kiapo. Soma."

Tabu alitazama. Kipimamvua kilikuwa kimekauka na kung'aa kama alivyoking'arisha.

"Sifuri," alisema.

"Kanuni inasema mia moja."

"Basi niruhusu nikitoe nje, dakika kumi tu."

"Kimekaa meza kuu, Bi. Tabu. Aliyekaa meza kuu hatoki kabla ya mgeni rasmi."

Mgeni rasmi alizungumza saa moja na dakika hamsini. Lakini Tabu hakuyasikia mengine. Aligeuka, akatoka hemani mbele ya Waziri, mbele ya naibu, mbele ya watu mia mbili wenye vyeo, jambo ambalo halikuwahi kutokea Utambare hata kwenye moto. Shebuge alipomwona anakuja aliwasha lori bila kuulizwa.

Walifika kona ya mwisho juu ya bonde saa nane kasoro. Barabara iliishia majini. Pale palipokuwa na nyumba za Mzuwi palikuwa pamekuwa mto mmoja mpana wa rangi ya chai, na juu yake mapaa machache, na moja la mapaa hayo Tabu alilijua kwa kiraka chake cha bati jekundu. Alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Shebuge alimshika kiuno asiingie majini, naye akampiga, na Shebuge hakumwachia.

Bi. Siwatu alipatikana siku ya pili karibu na mashine ya kusaga. Kanga ilikuwa bado imeufunga mkono shingoni.

*

Tume iliundwa. Utambare ni hodari kwa tume. Ilikutana kwenye hema lilelile, kwa kuwa lilikuwa bado halijakunjwa, na ikamwita Tabu alete usomaji wa siku ile, utiwe saini.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Kama mvua ilinyesha, basi palikuwa na mafuriko, na kaya mia tatu zilistahili mahema na chakula, na watu watano waliokufa waandikwe kwamba wamekufa maji. Kama haikunyesha, wale waliolala kwenye nyasi za Kilima cha Uratibu walikuwa wavamizi wa bustani.

"Kifaa cha serikali kilisoma sifuri," Bwana Kitengule alisema. "Weka saini. Na Mheshimiwa ameahidi mwakani swali lako liwe la arobaini na sita."

"Konokono je?"

"Amekubali kushuka."

Tabu akakataa kalamu. Alisema alikuwa na usomaji mwingine. Siku ile nje ya hema, nyuma ya jiko, palikuwa na sufuria kubwa ya pilau ya Waziri, iliyooshwa asubuhi ikaachwa wazi, na mpishi hakuigusa mpaka mvua ilipokatika. Sufuria ile ina ubavu wima, na chombo chochote chenye ubavu wima kikiachwa nje hupima mvua kama cha serikali. Yeye mwenyewe aliporudi kilimani jioni aliingiza rula. Milimita mia mbili na kumi na mbili.

"Sufuria haina daraja," Bwana Kitengule alisema.

"Ni ya Mheshimiwa Waziri. Kipimamvua ni cha kwangu mimi, daraja la mwisho. Kwa utaratibu, kipi kinatangulia?"

Bwana Kitengule alifunua daftari lake mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba sufuria ya Waziri iko chini ya kifaa cha Tabu Mkwizu. Tume ikaahirishwa, ikala, ikarudi, na kwa muda mfupi Tabu aliamini kwamba amewashinda. Kisha ripoti ikasomwa.

Tume iliona kwamba vipimo vyote viwili ni sahihi. Milimita mia mbili na kumi na mbili zilinyesha, nazo zilikuwa za Mheshimiwa Waziri, kwa kuwa ziliingia kwenye chombo chake. Wananchi wa Bonde la Mzuwi, wenye kifaa chao, walipata sifuri. Kwa hiyo Waziri alipewa pole ya taifa pamoja na mahema mia tatu, yakatandazwa bustanini kulinda maua yake, na wananchi wakaelekezwa warudi nyumbani, kwa sababu kwa hesabu za serikali bonde lilikuwa kavu. Waliokufa waliandikwa kwamba walikufa kwa kutohudhuria uzinduzi.

Tabu alisikiliza mpaka neno la mwisho. Alivua kitambulisho chake, akakiweka mezani, akashuka zake. Tangu siku hiyo aliwachukia, na hakuona sababu ya kuficha.

*

Watu walirudi bondeni kwa kuwa hawakuwa na kwingine. Kwenye tope la nyumba ya mama yake Tabu aliokota sufuria moja, imebonyea mdomo, ubavu wake mzima. Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Swali lake lilikuwa limekwisha kujibiwa na hakuna aliyelitafiti: tangu mvua ianze saa tano milimani, saa nane bonde lilikuwa limejaa.

Akachukua msumari, akakwaruza alama ndani ya sufuria, vidole vinne kutoka chini. Kisha akapanda nayo milimani, akaitega kwenye ua wa jamaa mmoja, akamweleza: maji yakifika hapa, yamwage, uipige kwa mwiko bila kuacha, na sisi chini tunaondoka, mwenye mikono na asiye nayo. Wiki iliyofuata zilikuwa sufuria kumi na mbili, kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ikisikika na ya chini yake. Kila asiyeweza kutembea alipangiwa watu wawili wa kumbeba, na majina yao yalitangulia kwenye orodha. Hakuna aliyezizindua.

Masika yaliyofuata Waziri aliamua kuja bondeni mwenyewe, kuzindua awamu ya pili ya swali lake. Hema likajengwa kando ya mto, meza kuu ikawekwa upande wa maji, penye mandhari. Viti elfu moja vikapangwa. Bondeni jua lilikuwa kali na anga jeupe. Ni kule nyuma tu, juu ya milima, palipokuwa peusi.

Saa nne na nusu sufuria ya kwanza ilianza kulia huko juu, ikafuatwa na ya pili, zikateremka ukingo kwa ukingo. Mheshimiwa Mpalasinge aliinua kichwa.

"Nini hiyo?"

"Wanatupokea, Mheshimiwa," Bwana Kitengule alisema.

Lakini viti elfu moja vilikuwa vitupu. Kwenye njia ya kupanda kilima watu walikuwa wakienda kwa utulivu, wagonjwa mbele. Tabu peke yake alishuka kuja hemani.

"Ondokeni," alisema. "Zimebaki saa tatu, pengine pungufu."

"Kwa amri ya nani?" Waziri aliuliza.

"Sufuria."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

Bwana Kitengule alitoa daftari, akalipekua kwa haki, wala hakuona jina la Bi. Siwatu. "Mheshimiwa hawezi kuondoka kwa amri ya sufuria ya mtu wa kawaida," alisema. "Tena hawezi kuondoka kabla hajapigiwa makofi."

"Nimewaambia," Tabu alisema. "Mama yangu hakuambiwa." Akageuka kwenda.

Shebuge aliwasha lori. Wapishi wakapanda, wakafuatwa na wafagizi, wabeba viti, wapiga tarumbeta, makarani. Naibu Waziri alisitasita, kisha akavua viatu, akakimbia. Ndivyo watu wa Utambare walivyoondoka siku ile, wa chini kwanza, na haikuonekana kuwa vigumu.

Walibaki wawili. Bwana Kitengule hakuweza kumtangulia mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa amekwisha kusimama, akafungua hotuba, akaanza kuvisomea viti. Huko kilimani Tabu alikaa juu ya jiwe akihesabu saa. Saa saba na robo mto ulipanda ukingo. Maji yalipoingia hemani yalianza na meza kuu, kama utaratibu unavyotaka.